Tone moja kwenye karatasi ya daftari

Kabla ya kugusa stovu ya mteja, fundi huyu wa Gatwekera, mtaani Kibera, huomba kuona mafuta. Huchovya kijiti kwenye tangi, hudondosha tone moja kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule, kisha huendelea na gumzo kana kwamba hana haja na jibu.

Nilikuwa nimeingia Kibera kuulizia bei ya maji. Habari ya maji niliiacha papo hapo.

Ili nielewe, alinitandikia matone matatu. Petroli aliiomba kwa kijana wa bodaboda. Mafuta ya taa na dizeli alikuwa nayo. Tone la petroli lilitanda, likafifia, likatoweka kabla hajamaliza kunieleza alivyoanza kazi. La mafuta ya taa liliifanya karatasi ing'ae hata nikaona mistari ya upande wa pili. Likakaa. Akaja mama mmoja na stovu inayotoa moshi, akabadilishiwa tambi, akalipa, akaenda, na tone bado lilikuwa likijikunja taratibu kutoka kingoni. La dizeli halikuwa na mpango wa kuondoka. Fundi alitoa kurasa za wiki iliyopita, na madoa yake yote yangalipo.

"Ikikauka mbio, hiyo imetiwa petroli. Siwashi, hata unilipe," akasema. "Ikiacha doa kama karatasi ya mandazi, hiyo iko na dizeli. Itaharibu tambi na kukupaka masizi, lakini haikulipukii."

Anachopima mzee huyu ni urefu wa minyororo ya kaboni. Mafuta haya matatu kwa sehemu kubwa ni alkani, kaboni zilizoungana na kuzungukwa na haidrojeni. Pentani, yenye kaboni 5, huchemka kwenye nyuzi 36 za Selsiasi; dekani, yenye 10, kwenye 174; heksadekani, yenye 16, kwenye 287. Mnyororo ukiwa mrefu, molekuli hushikana zaidi na huchelewa kuruka hewani. Petroli ni ya minyororo mifupi, dizeli ya mirefu, mafuta ya taa yako katikati, na mipaka yao hupishana. Kwa hiyo yanachanganyika bila kugombana, na jicho halioni kitu.

Pua huenda ikashuku. Moto ndio hauna subira. Mafuta safi ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike karibu nyuzi 38, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha. Nairobi inalijua hilo tangu Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja ilipolipuka katika mtaa wa Sinai na kuua watu zaidi ya 100. Ndani ya tangi la stovu, petroli kidogo tu inatosha kuteketeza chumba cha mabati.

Hata mafuta safi yana masharti. Molekuli moja ya dekani hudai molekuli 15 na nusu za oksijeni ili iungue yote, ibaki kaboni dioksaidi na maji. Chumba kikifungwa kwa ajili ya baridi ya Julai, hesabu hiyo haitimii: moto unageuka njano, sufuria inashika masizi, na monoksidi ya kaboni inazidi bila harufu. Fundi huwaambia wateja wafungue mlango. Wengine humjibu kwamba mlango ukiwa wazi usiku, kinachoingia si hewa peke yake.

Uchanganyaji huu una upande wa kodi pia. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo, walaghai waliyatia kwenye dizeli, na injini zikaumia kwa kukosa ulainisho. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaleta tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya ulaghai huo ife. Kwenye karatasi za Hazina hoja hiyo inasimama. Gatwekera, aliyepikia stovu alilipia dhambi ya mwenye lori.

"Mimi sijawahi kumiliki hata pikipiki," fundi akaniambia. "Mbona nikatwe kwa sababu ya dizeli ya mtu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Wateja wake wamepungua; wengi wamehamia meko, mtungi wa kilo 6 wa propani na butani, na wanaobaki ni wale wasioweza kulipa bei ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Nikamtajia bei ambazo Epra, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza kila tarehe 14. Akacheka. "Hiyo ni ya lita. Hapa nani hununua lita? Watu huja na chupa ya soda na shilingi hamsini." Nikamuuliza kama kuna afisa amewahi kupima mafuta ya vibandani. Akamgeukia jirani yake anayeuza mafuta kwa vipimo, naye akatikisa kichwa, akaendelea kumimina.