Supachaja Imeshiba, Nozeli Zina Njaa (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliliacha gari letu la mfano, Lotus Exige S ya mwaka 2006, likipumua vizuri. Tuliona jinsi supachaja yake, Eaton M62, inavyosukuma takriban lita moja ya hewa kila inapozunguka mara moja, na jinsi hewa hiyo inavyopita kwenye kipooza kilicho juu ya injini kabla haijaingia kwenye silinda. Leo tulitie ugonjwa. Dereva anakanyaga mafuta, gari linaondoka kwa kishindo, lakini likifika mizunguko 5,000 kwa dakika linakuwa zito kama limefungiwa trela. Taa ya injini haijawaka. Plagi mpya, filta ya hewa mpya, na uzito uko palepale.

Kabla ya mtu kukimbilia dukani kuulizia pampu, ajiulize kwanza: kilichopungua ni hewa au ni petroli? Mgongo wa dereva hauwezi kumjibu, maana kwake yote mawili ni kiti kilichoacha kumsukuma. Mkanda wa supachaja ukiteleza, hewa inapungua. Valvu inayoirudisha hewa nyuma wakati dereva hakanyagi ikikwama wazi, hewa inazungukazunguka humohumo bila kufika kwenye silinda. Pampu ikichoka, hewa inafika yote ila petroli haitoshi, na hapo ndipo penye hatari, maana mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo huwaka kwa joto kali, injini ikaanza kugonga, na pistoni ya aluminiamu haichukui muda kutoboka. Kwa hiyo anayehisi gari lake linakata pumzi huku supachaja inavuma aondoe mguu. Asiendelee kukanyaga ili “aone kama litaachia”.

Jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza ni tofauti ya kiu. Injini kama hii ikiwa kwenye sailensa inakunywa kama lita moja kwa saa. Ikitoa nguvu zake zote, farasi 218, inakunywa zaidi ya lita moja kwa dakika. Pampu haijui kubana matumizi: inasukuma muda wote kwa kadiri ya uwezo wake, na ziada inarudishwa ndani ya tangi na valvu ya kudhibiti presha. Gari likiwa limesimama, karibu yote ni ziada, hivyo hata pampu iliyobakiwa na nusu ya uwezo itaonyesha presha safi kwenye geji. Ugonjwa unaonekana pale ziada inapokwisha.

Somo hili nililipia mwenyewe, tena kwa gari la kawaida kabisa lisilo na supachaja. Kila nikipanda Kitonga kwenda Iringa, katikati ya mlima gari lilianza kumisi, na nikifika juu kwenye tambarare linapona. Fundi mmoja wa njiani aliinamisha sikio karibu na tangi akaniambia, “Pampu nzima hii, mzee, sikiliza inavyolia.” Ni kweli ilikuwa inalia. Mwingine akaniuzia pampu mpya, nayo ikalia, na mlima ukanishinda vilevile. Miezi baadaye tuliinua kiti cha nyuma na kukuta soketi ya waya wa pampu imegeuka rangi ya kahawia, plastiki imeyeyuka upande mmoja. Betri ilikuwa inatoa volti karibu 14 na pampu inapokea 10. Pampu mbili, na kosa lilikuwa kwenye kipande cha shaba kisichofika urefu wa ukucha!

Turudi kwenye Lotus. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu, na vichukuliwe kwa pamoja gari likiwa chini ya mzigo, uwanjani au juu ya mashine yenye mapipa yanayozungushwa na matairi, kamwe si barabara ya watu. Kuna presha ya hewa baada ya supachaja, kuna presha ya petroli kwenye bomba la nozeli, na kuna lamda, yaani uwiano wa hewa na petroli unaosomwa kwenye moshi. Injini ya gari hili iko nyuma ya kiti, kwa hiyo kwa petroli tumia sensa inayotuma namba kwa waya. Bomba la petroli halina shughuli yoyote karibu na miguu ya dereva. Kwa lamda, sensa ya oksijeni iliyotoka na gari haitoshi: yenyewe inajua tu kama tumevuka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli au hatujavuka, na injini ya supachaja ikikanyagwa hutakiwa iwe karibu na 12, sawa na lamda 0.82 hivi. Inahitajika sensa ya masafa mapana.

Hapo namba zitazungumza. Hewa ikiwa chini na lamda iko sawa, waache pampu na nozeli wapumzike. Kagua mkanda na valvu ya kurudisha hewa. Lamda ikishuka chini ya hapo, moshi ukawa mweusi, tafuta bomba linalovuja baada ya supachaja, kwa sababu kompyuta imekwisha kuihesabu hewa ile mlangoni na kuitolea petroli, nayo imetorokea njiani. Hewa sawa, lamda inapanda kuelekea 1, presha ya petroli inashuka kadiri mizunguko inavyoongezeka: hiyo ndiyo njaa tunayoitafuta. Presha ikisimama imara huku lamda inapanda, pampu haina kosa. Nozeli zina uchafu au sensa ya kupima hewa inadanganya.

Kuna hesabu moja ndogo isiyopaswa kusahaulika. Nozeli inatema ndani ya bomba ambalo supachaja imelijaza hewa. Tuseme petroli iko baa 3.5 na supachaja inaongeza 0.5, msukumo halisi unabaki 3. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha msukumo, kwa hiyo petroli inapungua kama asilimia 7. Waliotengeneza gari walilijua hilo wakalifidia. Anayebadilisha puli ili apate hewa zaidi bila kugusa upande wa petroli, huyo amekula akiba hiyo mwenyewe.

Na si kila kukata ni njaa. Injini hii ni 2ZZ-GE ya Toyota, iliyobuniwa pamoja na Yamaha, ileile ya Celica na ya baadhi ya Runx. Karibu na mizunguko 6,200 presha ya oili huhamishia valvu kwenye nundu za kamshafti zenye mwinuko mkubwa. Boliti zinazoshika shafti za roka zikikatika, au oili ikipungua, mabadiliko hayo hayatokei na gari linagonga ukuta palepale. Gari letu linachoka tangu 5,000, kwa hiyo tumeivuka hiyo. Vilevile likikata kwenye kona ndefu tu, tangi likiwa chini ya nusu, petroli imekimbilia pembeni na pampu inanyonya hewa. Jaza tangi, rudia kona.

Letu halichagui kona. Presha inaporomoka kutoka 3.5 hadi 2.4 kwenye njia iliyonyooka, lamda inafika 0.95. Mkono tayari uko kwenye spana, na kulishusha tangi la Exige si kazi ya nusu saa. Lete kwanza voltimita. Ikisoma 13.8 kwenye betri na 11.2 kwenye soketi ya pampu, tangi liache lilipo, fungua kifuniko cha rilei ya pampu.