Kazi ya kikande mwambani

Katika masoko ya samaki ya pwani ya Kenya, kikande hagombewi. Ngozi yake ni ngumu, na mwenye fedha mkononi huulizia kwanza changu au tafi. Akinaswa hutiwa tengani pamoja na wengine, akapimwa kwa kilo, na habari zake zikaishia hapo. Naamini hapo ndipo usimamizi wetu wa uvuvi unapokosea, kwa sababu hasara ya kumtoa kikande baharini haionekani kwenye mizani.

Yupo kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, ambaye wanasayansi humwita *Balistapus undulatus*. Taya zake ni fupi na zina nguvu, na meno yake ni ya kuvunjia. Miongoni mwa vyakula vyake ni wale viumbe wa mviringo wenye miiba ambao hujificha katika nyufa za mwamba, na ambao kila mvuvi wa pweza amewahi kuwakanyaga. Samaki wanaoweza kuwala ni wachache. Mwanasayansi Tim McClanahan, ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba kikande huyu ndiye mlaji wao mkuu katika miamba hii. Tatizo ni kwamba hudaka chambo upesi, hivyo uvuvi ukizidi yeye huwa miongoni mwa wa mwanzo kutoweka.

Akishaondoka, viumbe wa miiba huzaana na kujaa. Hukwangua mwani kutoka mwambani, na wana uwezo wa kuvumilia njaa kuliko samaki: mwani ukibaki kidogo kabisa, wao bado wanaishi, ilhali pono na wenzake wala mwani wanakosa malisho. Meno yao hayaishii kwenye mwani. Hukwangua na mwamba wenyewe, usiku baada ya usiku, jiwe la matumbawe likawa mchanga. Humaliza pia ule utando mgumu wa rangi ya waridi, aina ya mwani wenye chokaa, ambao vichanga vya matumbawe hupenda kujishikiza ili vianze kukua. Na zipo aina zao zinazoishi penye majani ya bahari, ambazo zikizidi huyala majani hayo hadi sakafu ikabaki tupu, na katika majani hayo ndimo tafi wanamolelewa. Kwa hiyo mvuvi wa tafi anaweza kuzifuata sheria zote zinazomhusu tafi na bado akalipandisha dema lake tupu. Kilichomponza ni kutoweka kwa kikande, ambaye hayumo katika sheria hizo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sayansi ya uvuvi iliegemea swali moja: kila mwaka tuvue tani ngapi za samaki wa aina fulani bila kuwamaliza? Swali hilo huchukulia kwamba kila aina inaishi peke yake. Azimio la Reykjavik la mwaka 2001, kisha miongozo ya FAO ya mwaka 2003, viliyataka mataifa yazingatie mfumo mzima wa ikolojia: nani anamla nani, nani anasafisha nini, makazi gani yanaharibika. Kwenye miamba ya matumbawe hatuna njia nyingine, kwani dema moja huweza kupanda na aina nyingi kwa mpigo. Nani atazipangia zote kiwango, moja moja?

Wengi huuliza, basi kwa nini tusiwapondeponde wenye miiba kwa nyundo? Jambo hilo lilijaribiwa nchini Kenya, na matokeo yake ndiyo somo bora ninalolijua kuhusu bahari. Baada ya viumbe hao kupunguzwa, mwani uliota haraka. Ndani ya hifadhi ya bahari, samaki wala mwani walikuwepo na wakaongezeka. Nje yake, ambako walikuwa wamevuliwa mno, mwani uliendelea kutanda juu ya matumbawe. Tatizo moja lilitoka, likaingia jingine, maana walioondolewa walikuwa wameshika nafasi ya samaki ambao hawakuwepo tena kuirudia.

Njia iliyofanya kazi ni ya polepole. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, lakini uvuvi uliondolewa hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenye madema walipoteza sehemu ya maeneo yao, na uchungu huo haupaswi kudharauliwa. Kurudi kwa kikande si jambo la msimu mmoja wala miwili. Lakini samaki walirudi, na baadhi yao wakavuka mpaka wa hifadhi, hata wavuvi wakawa wanayatega madema karibu na mpaka huo. Hifadhi haizuii kila kitu. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi, ndani ya hifadhi na nje yake.

Nje ya hifadhi zipo hatua ambazo hazimfungii mtu bahari. Juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, kwa kuwa hukokota samaki wachanga na kung'oa majani ya bahari pamoja nao. Marufuku hiyo ingali inavunjwa mahali pengi. Dema lenye mwanya mwembamba wa wima huwaachia wachanga na samaki bapa wasio na bei, na watafiti walioufanyia majaribio Kenya waliona kwamba kipato cha mvuvi hakikupungua. Hata hivyo, mwanya si kinga ya kikande aliyekomaa. Huyo anahitaji kanuni yake: akipanda hai, arudishwe majini.

Napendekeza kanuni hiyo ianzie kwenye BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, kwa sababu ndivyo vinavyoandika mapato ya kila siku. Pamoja na kilo, daftari liwe na safu mbili zaidi: vikande wangapi wamepanda, na viumbe wa miiba wangapi wako katika mita moja ya mraba ya mwamba. Kuwahesabu kunahitaji fremu ya mbao, miwani ya kuzamia na mwandishi mmoja. Kikundi chochote kinaweza kuanza bamvua lijalo, maji yakishakupwa.