Tumbawe na Majirani Zake

Leo twapenda kuzungumza juu ya matumbawe ya pwani yetu. Tangu zamani watu wameyachoma wakapata chokaa, tena wameyajengea nyumba. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa ni mawe tu. Kumbe tumbawe lililo hai ni mji wa wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu. Kila mmoja ana kinywa kilichozungukwa na minyiri midogo, na chini yake hujijengea kikombe cha chokaa.

Mnyama huyu hakai peke yake. Katika nyama yake mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na sehemu kubwa humpa mwenyeji wake. Mwenyeji naye huipa makao, na taka za mwili wake huwa mbolea. Ndiyo sababu miamba ya matumbawe hustawi penye maji maangavu yasiyo na kina kirefu, ambapo jua hufika.

Lakini ushirika huu huvunjwa na joto. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi kwa digrii 1 tu, kwa muda wa majuma machache, mimea hutoka, na tumbawe hugeuka jeupe. Maji yakipoa upesi, hupona, yasipopoa, hufa. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kubwa, na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yakafa.

Je, mwamba uliokufa waweza kufufuka? Waweza, ikiwa watoto wa matumbawe wachukuliwao na mkondo watapata jiwe safi la kujishikiza. Mwani ukilifunika jiwe, hawapati nafasi. Hapo twamhitaji pono. Samaki huyu amesifiwa kwa usingizi, lakini mchana si mvivu: kwa meno yake yaliyo kama mdomo wa kasuku hukwangua mwani kutwa. Tumbawe humpa pono maficho, na pono hulifagilia tumbawe kiwanja.

Basi, joto la bahari mvuvi hawezi kulizuia peke yake. Lakini baruti huvunja mara moja kilichojengwa kwa miaka mingi, na juya hukokota wakubwa na wachanga pamoja. Tukiwaacha pono wachanga wakue, mwamba utapata wafagiaji wake, na watoto wetu watapata kitoweo.