MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA: JE, NA MVUVI PIA?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa msemo huo walimsuta mtu ambaye, badala ya kushika kazi, hukaa akilaumu mpini na kulaumu makali, hata mvua ikapita na shamba likabaki pori. Leo, ndugu msomaji, tungependa kuupima msemo huo mahali pasipokuwa na shamba, yaani kandokando ya Ziwa Victoria katika bandari ya Port Bell, ambako askari aliye katika mapumziko huweza kutupa mshipi wake na kusahau kwa saa mbili tatu uzito wa zamu.

Swali lenyewe ni hili: je, vifaa vya bei kubwa na chambo cha bei kubwa humpatia mtu samaki zaidi? Si swali la mchezo. Ufito wa kigeni wenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, pamoja na samaki bandia wa rangi za kung'aa, huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa askari wa cheo cha chini. Mshahara huo huo ndio karo ya watoto, ndio unga wa nyumbani, ndio dawa ya mzazi aliyeko kijijini. Kwa hiyo hapana budi askari ajue kwa yakini anunue nini na aache nini, kabla hajafungua mkoba.

Habari kutoka Ulaya

Huko Uingereza swali hili limebishaniwa kwa miaka mingi, hasa na wavuvi wa samaki aitwaye kapu. Hatusemi kapu la sokoni, bali samaki mnene wa mabwawani, mwenye magamba makubwa na midomo laini, ambaye asili yake ni Asia na Ulaya. Hapa Afrika Mashariki si mgeni kabisa. Aliletwa katika mabwawa ya utafiti ya Kajjansi, katika barabara ya Entebbe, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, ameenea mno tangu mwanzo wa miaka ya 2000.

Mwezi Septemba 1952, Mwingereza Richard Walker alivua kapu wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, katika bwawa dogo la Redmire. Chambo chake kilikuwa mkate: donge la mkate uliokandwa pamoja na ganda la mkate. Mwaka 1980, katika bwawa hilo hilo, Chris Yates alivua mwingine aliyezidi ratili 51. Yeye alitumia ufito wa mwanzi wa mtindo wa zamani, na chambo chake kilikuwa punje za mahindi matamu. Mkate na mahindi! Hakuna askari wa Afrika Mashariki asiyekuwa na vitu hivyo.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Walker hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichunguza desturi za samaki, akabuni ufito wa kufaa kazi hiyo, akatengeneza hata kengele ya umeme ya kumwarifu usiku kwamba samaki amegusa mshipi. Tena, wote wawili walikwenda kuvua mahali ambapo samaki wakubwa walikuwapo. Hali kadhalika, uvumbuzi mmojawapo mkubwa wa wavuvi wa kapu, uliopatikana karibu na mwaka 1980, haukugharimu kitu. Waliacha kuchoma chambo kwenye ndoano, wakakining'iniza kando yake kwa uzi mwembamba kama unywele. Na katika majaribio ya kwanza ulikuwa unywele hasa wa binadamu. Kapu huonja chakula kwa kukivuta na kukitema. Akivuta chambo hicho, ndoano tupu huingia pamoja nacho na kumnasa. Hapo kilichoshinda si fedha, bali ni elimu ya namna samaki anavyokula.

Maji ya Port Bell

Sasa turudi nyumbani. Port Bell, iliyopewa jina la Sir Hesketh Bell, Gavana wa Uganda katika mwanzo wa karne ya 20, iko Luzira, katika Ghuba ya Murchison. Sehemu ya ndani ya ghuba hiyo ina kina cha mita chache tu, na mfereji wa Nakivubo humwaga humo maji yatokayo mjini Kampala. Kwa sababu hiyo maji yake huwa ya kijani, mazito kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Jambo hili lina maana kubwa kwa mvuvi. Katika maji ambayo jicho la samaki halifiki mbali, rangi za fahari za samaki bandia hupotea bure. Kinachomwongoza samaki zaidi ni harufu, ladha na mtikisiko wa maji.

Samaki wa kwanza wa kutafutwa na mgeni ni ngege. Wengi wa tunaowaita ngege siku hizi ni wale wa asili ya mto Nile, walioletwa ziwani katika miaka ya 1950; ngege wa kale wa ziwa hili amekuwa adimu. Ngege hula mimea midogo ya majini, wadudu na vitu vingine vidogo, na mdomo wake si mkubwa. Kwa samaki huyu wahenga walisema kweli tupu. Ufito wa kawaida, mshipi mwembamba, ndoano ndogo iliyonolewa, chubwi jepesi na kielea cha bua au cha kizibo vyatosha kabisa. Chambo ni nyungunyungu aliyechimbwa penye unyevu, au donge la posho iliyosongwa ngumu lisivunjike upesi majini. Waingereza nao huchemsha vidonge vya unga na mayai hadi vikawa na ganda gumu, ili samaki wadogo wasivimalize kabla mkubwa hajafika. Vidonge hivyo huuzwa kwa bei kubwa madukani kwao, lakini kanuni yake ni ile ile ya posho ngumu.

Mahali jembe linapochaguliwa

Ama kuhusu sangara, ambaye Waganda humwita mputa, mambo hubadilika. Samaki huyu aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980. Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa ufito ni ya kilo 104, naye alivuliwa katika Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Hata sangara wa kilo 20 akikimbia na mshipi wa ngege, mvuvi hubaki ameshika ufito na masikitiko. Midomo yake ina meno madogo mengi mfano wa msasa, ambayo husugua mshipi mpaka ukakatika. Na kifuniko cha mashavu yake kina miiba ya kumkata mtu asiye na hadhari.

Hapa basi kuchagua jembe si uvivu, ni akili. Lakini tuangalie vizuri ni sehemu gani ya jembe. Linalohitajika ni ndoano madhubuti isiyonyooka, mshipi mnene usiochakaa, kipande kinene zaidi karibu na ndoano, na mafundo yaliyofungwa sawasawa na kujaribiwa kwa kuvutwa. Vitu hivyo vyote ni vya bei nafuu kuliko ufito wenye jina kubwa. Kigurudumu kizuri humsaidia mtu anayevua sangara mara kwa mara kutoka kwenye mashua, kwa maana humwezesha kumpa samaki mshipi na kuurudisha bila kukatika. Kwa mtu aendaye ziwani mara moja kwa mwezi, tena akisimama ukingoni, kifaa hicho ni pambo. Isitoshe, sangara huhitaji maji yenye hewa ya kutosha, na kwa hiyo mkubwa wake hapatikani kwa urahisi ndani ya ghuba yenye maji mazito. Mtu aweza kununua ufito wa bei ya ng'ombe, akavua mahali asipokuwapo samaki aliyemnunulia.

Naye kamongo, mwenye taya za kuponda konokono, hukata mshipi wa kawaida kama mkasi. Dawa yake ni kipande kifupi cha waya. Duka zima la vifaa vya fahari halitasaidia kama waya huo haupo.

Kuhusu chambo, tuwatazame wale ambao uvuvi ni riziki yao. Wavuvi wa sangara wa ziwa hili hutumia mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, na wengi wao hununua kambale wachanga walio hai wawe chambo. Biashara hiyo imekuwa kubwa kiasi cha kuwafanya wafugaji wa samaki wa Uganda kuzalisha kambale wachanga kwa ajili yake. Basi mvuvi maskini, anayehesabu kila shilingi, hukubali kutoa fedha kwa chambo, lakini hana ufito hata mmoja. Sababu yake ni wazi. Sangara huwinda kiumbe kinachotikisika, hasa jioni na alfajiri, kwa kuwa macho yake yameumbwa kuona katika mwanga hafifu. Na kambale ni mgumu wa kufa, hukaa hai kwenye ndoano kwa muda mrefu. Fedha hiyo hununua jambo linalojulikana, wala si sifa ya dukani.

Kifaa kinachosahauliwa

Kipo kifaa kimoja ambacho askari wengi wenye mapenzi ya uvuvi hukiweka mwisho, na hali kilistahili kuwa cha kwanza. Nacho ni jaketi la kuokolea maisha. Ziwa hili hubadilika ghafula. Asubuhi limelala kama mkeka, adhuhuri limesimama kama ukuta. Mwezi Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, si mbali sana na Kampala, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Askari anayejua kupanda mlima na silaha mgongoni hawezi kwa sababu hiyo tu kushindana na mawimbi. Ikiwa fedha zatosha kununua kimoja, ufito au jaketi, basi anayepanda mashua anunue jaketi na avue kwa mshipi wa mkononi.

Aidha, askari asisahau sheria. Mwaka 2017 Jeshi lilipewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu katika maziwa ya Uganda, na hatua hizo zimewagusa wananchi wengi katika riziki yao. Sangara asiyefika sentimita 50 na ngege asiyefika inchi 11 hawaruhusiwi kuvuliwa. Mwananchi aliyechomewa nyavu zake kwa kosa hilo ana haki ya kutazama kilichomo ndani ya ndoo ya afande. Samaki mchanga arudishwe majini, hata kama ndiye peke yake wa siku hiyo. Vilevile mahali pa kufungia meli ni mahali pa kazi na ulinzi. Asivue hapo mtu asiye na ruhusa.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, mpango wa matumizi uwe hivi. Kwanza usalama wa roho. Pili ndoano kali na mshipi unaolingana na samaki anayetafutwa. Tatu chambo ambacho samaki huyo hukila kila siku. Nne muda wa kujifunza: kutazama maji, kuwauliza wazee wa ufukwe kwa adabu, kujua saa na mahali. Ufito wa bei kubwa uje baada ya hayo yote, tena uje kutoka katika fedha zilizobaki baada ya karo kulipwa. Mkulima hachagui jembe ili aonekane nalo njiani. Hulichagua kwa sababu ameijua ardhi yake. Na samaki, tangu aumbwe, hajapata kusoma bei ya ndoano.