Gari la Safari Ndefu Huanzia Siti ya Nyuma

Januari 2000, mume na mke wa Argentina, Herman na Candelaria Zapp, waliondoka Buenos Aires kuelekea Alaska kwa gari la Graham-Paige lililoundwa mwaka 1928. Waliaga kama watu wa miezi sita. Safari ikaja kuisha mwaka 2022, baada ya kilomita 362,000 na nchi 102, na humo garini walikuwamo watoto wanne waliozaliwa njiani: mmoja Marekani, mmoja Argentina, mmoja Kanada, mmoja Australia.

Kwa fundi, gari lile ni kituko. Magurudumu yake yana spoku za mbao, na lilitoka kiwandani miaka mingi kabla mikanda ya usalama haijawa jambo la kawaida. Nisingemshauri mtu aige. Lakini ipo kazi moja waliyoifanya ambayo mimi huitaja kwa kila mzazi anayekuja gereji kwetu Arusha: familia ilipoongezeka, walilirefusha gari kwa sentimita 40 ili watoto wapate pa kukaa.

Wengi hufanya kinyume. Arusha wenyeji tunajisifu kwamba mnara wetu wa saa uko katikati ya Cairo na Cape Town, na kweli wasafiri wa njia hiyo hutupitia kila mwezi, wengine na watoto wadogo. Siku hizi na wazazi wa huku huku wanauliza, wale wanaotaka kwenda Namibia shule zikifungwa au kuchukua likizo ya mwaka mzima. Swali la kwanza la baba karibu siku zote ni injini. La pili ni tairi. La tatu ni ule mkonga wa kuvutia hewa juu, ambao nakiri unapendeza kwenye picha. Mtoto atakaa wapi kwa saa sita kwa siku, hilo huja wakati pesa imeshalipwa.

Basi tuanze hapo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Chui hayumo kwenye hesabu hiyo, wala majambazi ambao bibi anawaogopa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, mtoto asiyefungwa mkanda hurushwa kwa kishindo kilekile cha kuanguka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Na hizo 50 ndizo tunazoziita mwendo wa pole.

Sasa fungua mlango wa nyuma wa Land Cruiser 78, ile ndefu ya milango miwili ya mbele ambayo mahospitali na mashirika ya misaada wanaipenda. Nyingi zina mabenchi mawili yanayotazamana, kama difenda ya polisi. Anayekaa ubavu hana kinachomzuia gari linapofunga breki ghafla. Mkanda wa kiuno peke yake humkunja vibaya. Benchi hizo zing'olewe. Ziwekwe siti zinazotazama mbele, zenye mkanda unaopita begani na kiunoni, na boliti za siti na za mkanda zishike kwenye chuma cha bodi kilichoongezewa bamba kwa chini. Nimeona siti nzuri za ngozi zimefungwa kwa skrubu kwenye ubao wa plaiwudi. Hiyo ni samani, na mtoto asiwekwe humo.

Mtoto mchanga anahitaji kiti chake kinachotazama nyuma, angalau hadi miezi 15 kwa kanuni za Ulaya, na baadaye kiti cha kumwinua mpaka mkanda umpite begani badala ya shingoni. Kwa hiyo beba vile viti uende navyo kulitazama gari. Vikikataa kukaa, gari limekataa. Tazama pia kama mtoto aliyekaa anaiona barabara mbele. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaotapika sana safarini, na dawa ya kwanza ni macho kuona mbali. Dirisha likiwa juu ya kichwa chake, andaa ndoo.

Wenye fedha huvutiwa na lori lenye nyumba mgongoni. Ni gari zuri, lina choo, lina jiko, na tope halilitishi. Ila uliza swali moja: kuna tundu la kupita kutoka kwenye nyumba hadi kwa dereva? Yapo malori ambayo kabati la dereva lina siti tatu tu, na familia ni ya watu watano. Watoto wawili hubaki nyuma peke yao, nyuma ya kuta mbili za chuma, na kilio chao hakisikiki. Lori la namna hiyo mimi silipitishi.

Kulala nako kuna hesabu yake. Hema la juu ya paa ni rahisi na huacha nafasi ndani, lakini lina ngazi. Mtoto wa miaka mitatu akitaka kukojoa saa nane usiku, mvua inanyesha, mmoja wenu atashuka naye ile ngazi. Akishikwa na homa mtashuka mara tano. Na mkilazimika kuondoka usiku kwa sababu yoyote, hema halikunjwi kwa dakika moja. Familia yenye watoto chini ya miaka sita nawaambia walale ndani wote, hata kama ni kwa kubanana. Halafu, kwa kuwa kwetu jambo hili linasahaulika haraka: jiko la mkaa haliingii garini hata kwa dakika tano za kupasha uji. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Uzito hauonekani, na ndio unaovunja springi na kupasua tairi. Chukua karatasi ujumlishe mwenyewe kwa familia ya watu wanne. Maji lita 100 ni kilo 100, na hayo ni ya siku tano tu mkitumia lita tano kila mtu kwa kunywa na kupikia. Dizeli lita 180, kiasi kinachoingia kwenye matangi mawili ya 78, ni kama kilo 150. Watu wenyewe, tuseme 220. Tairi mbili za akiba na rimu zake, 70. Friji na betri za ziada, 80. Kitanda na makabati ya mbao, 150. Hema la juu, 60. Chakula, spana, nguo na vyombo, 150. Umefika kilo 980, na bado hujapakia daftari la shule wala baiskeli moja. Gari lenye uwezo wa kubeba kilo 700 limeshakushinda ukiwa uani kwako. Na kila kilo unayoipandisha kwenye keria hulifanya gari liyumbe zaidi kwenye kona.

Injini, basi, maana najua mlikuwa mnaisubiri. Mjerumani Gunther Holtorf alizunguka dunia kati ya 1989 na 2014 kwa Mercedes 300GD aliyoipa jina la Otto, karibu kilomita 900,000, kwa injini ya dizeli ya nguvu za farasi 88. Nguvu hizo siku hizi hata gari dogo la mjini linazo. Siri ilikuwa urahisi wa injini na shehena ya vipuri aliyoibeba. Ila sehemu ya nyuma, pale ambapo watoto wangekaa, ndipo palipokuwa kitanda. Otto lilikuwa gari la watu wazima wawili.

Magari mapya ya dizeli ya Ulaya yana kichujio cha moshi na tangi la AdBlue, yale maji ya kusafishia moshi, na yameundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi za Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha sehemu 50 mwaka 2015; ziko nchi duniani ambako salfa inazidi hiyo mara nyingi. Kichujio huziba, taa ya injini huwaka, kompyuta hupunguza nguvu, na gari la thamani kubwa hupanda mlima kwa mwendo wa mkokoteni. Fundi wa Tunduma hana mashine ya kuzungumza na kompyuta hiyo. Injini ya 1HZ ya Toyota, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, pampu ya dizeli isiyojua umeme wa kisasa, anaifungua akiwa amefumba macho. Ina kelele, inavuta taratibu, moshi wake hautampendeza mtu wa mazingira. Lakini mtoto mgonjwa anafika hospitali.

Baharini pia kuna mipaka. Kati ya Panama na Kolombia kuna msitu wa Darién, karibu kilomita 100 zisizo na barabara, na kila gari hupanda meli. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9, na mlango wake una kimo cha mita 2.28. Land Cruiser 78 huingia ukivua keria. Basi dogo lenye paa refu haliingii. Litakwenda kwa meli ya magari, ambako unakabidhi ufunguo kwa watu usiowajua, na wizi wa vitu vya ndani ni malalamiko ya kila siku. Tena nchi kadhaa hudai hati ya forodha ya kupitisha gari bila ushuru, ile inayotolewa na vyama vya wenye magari kama AA Kenya. Dhamana yake hupimwa kwa thamani ya gari. Shangingi jipya litakufungia fedha nyingi kuliko gari la miaka ishirini.

Jambo dogo ambalo sijaona likiandikwa: Hiace na Coaster tunazoagiza Japani zina mlango wa abiria upande wa kushoto. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia tunaendesha kushoto, hivyo mtoto hushukia kwenye nyasi. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au ukiingia Burundi na Kongo, barabara inageuka na mlango uleule unamwaga watoto kwenye magari yanayopita. Weka kufuli la ndani ambalo mtu mzima tu anaweza kulifungua.

Hukumu yangu? Watoto wawili, nachagua 78 yenye 1HZ, siti zimegeuzwa mbele, paa la kuinuka, vitanda ndani. Watoto watatu au zaidi, sitaki kujidanganya: Coaster. Zipo zilizofungwa injini hiyohiyo ya 1HZ, na Japani waliuza hata za kuvuta kwa magurudumu yote manne. Haitaingia kontena na haitakupa heshima ya mkonga, lakini kila mtoto atakuwa na dirisha lake.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji siku tatu. Laza familia nzima humo, na kama ni mwezi wa Aprili mvua zikiwa zimekolea, ndio bora zaidi.