Mgonjwa Akisema Amechoka, Muulize Amechoka na Nini

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna mtu anayemeza dawa za kisukari na za shinikizo la damu, na usiku bado akakosa usingizi kwa maumivu ya magoti? Makala ya leo yanakuhusu wewe kama yanavyomhusu yeye.

Kuna mzee wa miaka 59 ninayemtibu, dereva wa zamani wa malori ya masafa marefu. Aliacha kazi baada ya kisukari kumharibu macho. Siku moja aliletwa na mkewe, akanimwagia mezani dawa za aina 7. Sukari ilikuwa juu, presha vilevile. Nikaanza kumkaripia kwa kutomeza dawa, kama tufanyavyo madaktari foleni inapokuwa ndefu. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Daktari, mimi nimechoka."

Nusura nimwandikie vitamini. Kwa bahati nzuri nilimuuliza, "Umechoka na nini, mzee?" Akamtazama mkewe. Nilipomwomba mama asubiri nje kidogo, mzee alisema haoni sababu ya kuendelea kuishi. Pesa za dawa zake, alisema, ndizo karo ya kitinda mimba wake.

Ugonjwa mmoja mtu huweza kuuzoea. Taabu huanza unapokuja wa pili na wa tatu, kwa sababu masharti yake hugongana. Mwenye kisukari anaambiwa atembee sana, magoti yanakataa. Akimeza vidonge vya kutuliza maumivu, vingine hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kliniki hii ni Jumanne, ile ni Alhamisi, na kila mahali ni nauli na foleni. Usiku halali, mara maumivu, mara haja ndogo. Polepole anaanza kujiona mzigo kwa jamaa zake.

Hapo ndipo ugonjwa uitwao unyogovu hupata mlango. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa wenye kisukari huupata karibu mara mbili zaidi ya wasio nacho. Maradhi yakizidi kuongezeka, hatari nayo huongezeka, ikiwemo ile ya kujitoa uhai. Huu si upungufu wa imani. Kiharusi hugusa ubongo wenyewe, na dawa kama predinisoloni zaweza kuvuruga hisia za mtu.

Dalili zake hujificha. Uchovu, kukosa usingizi, kupungua uzito: yote haya sisi husingizia sukari. Kwa hiyo uliza mambo mawili. Katika wiki 2 zilizopita, je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Akikubali lolote, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii, aghalabu humpa nafuu. Kuwa macho zaidi akiwa ametoka hospitalini karibuni, akiambiwa ana ugonjwa mpya, au maumivu yakimzidi.

Akisema ndiyo, usimhubirie. Usimwache peke yake, dawa zote zishikwe na mtu mwingine, na umpeleke hospitali siku iyo hiyo. Si lazima iwe Mathari; nenda kwenye idara ya dharura iliyo karibu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Wengine walinyamaza kwa hofu ya polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilihesabu jaribio la kujiua kuwa hatia. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Unyogovu hutibika kwa ushauri nasaha na dawa, ingawa nafuu huchukua wiki kadhaa. Mwonyeshe daktari kila dawa unayotumia, kwani amitriptilini, kwa mfano, haimfai kila mwenye ugonjwa wa moyo.

Katika zile dawa 7 za mzee wetu, 2 zilikuwa kitu kimoja chenye majina tofauti, alizoandikiwa na kliniki mbili. Tukaondoa moja. Tukamkusanyia kliniki zake siku moja, mkewe akashika vidonge, naye akaanza matibabu ya unyogovu. Alipokuja mara ya mwisho, alichonilalamikia ni kwamba chai anayopikiwa nyumbani haina sukari.