Kubeti kwa uso na kidole: Nani analinda data za mchezaji wa Kasese na Bwera?

Sheria ya Uganda inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza kamari. Kwa hiyo anayeingia kasino, au anayefungua akaunti ya kubeti, hutakiwa kwanza kuthibitisha yeye ni nani. Uthibitisho huo unazidi kutegemea mwili wake mwenyewe: alama za vidole, sura, na hata mboni ya jicho.

Katika wilaya ya Kasese jambo hili lina uzito wake. Kasino kubwa za nchi ziko zaidi Kampala, lakini kubeti kumefika kila mahali penye mtandao wa simu. Mji wa Bwera uko karibu na kituo cha mpakani cha Mpondwe, na ng'ambo yake ni Kasindi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Sokoni hukutana mwenye ndagamuntu ya Uganda, mwenye kadi ya mpiga kura ya Congo na mwenye hati ya ukimbizi. Wote wana simu mkononi, lakini hati zao hazina uzito sawa mbele ya anayesajili laini au akaunti.

Data za kibayometriki ni nini?

Ni taarifa zinazotokana na maumbile ya mtu na zinazoweza kumtofautisha na watu wengine wote. Tofauti yake na nywila ni moja, nayo ni kubwa. Namba ya siri ikiibwa, mwenyewe huibadilisha siku hiyohiyo. Alama ya kidole ikiibwa, hana kidole kingine cha kuweka badala yake. Ndiyo maana hasara ya data hizi huweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Zinakusanywa wapi?

Mara nyingi zimekwisha kukusanywa kabla mchezaji hajaweka dau lake la kwanza. Mamlaka ya vitambulisho, NIRA, huchukua alama za vidole na picha ya uso anapojiandikisha. Kampuni za simu huhakiki alama za vidole zinaposajili laini, na laini hiyo ndiyo hubeba akaunti ya pesa kwa simu ambayo mchezaji huitumia kulipia dau. Baadhi ya programu za kubeti duniani humtaka mteja ajipige picha ya uso akiwa ameshika kitambulisho. Katika kasino, kamera zinaweza kuunganishwa na mfumo wa kutambua nyuso ili kuwabaini walaghai au watu walioomba wenyewe wazuiwe kucheza.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Anayefungua programu ya kubeti kwa kidole kwenye simu yake, kwa kawaida haipelekei kampuni alama hiyo. Simu yenyewe ndiyo hulinganisha, kisha huipa programu jibu tu: ndiye, au siye.

Mfumo salama hufanyaje kazi?

Kampuni makini haitunzi picha ya kidole au ya uso kama ilivyo. Huigeuza kuwa mfuatano wa namba, kisha huufumba kwa msimbo ili atakayeuiba asiweze kuusoma. Namba hizo hutengwa na majina na namba za simu za wateja, wafanyakazi wachache tu huruhusiwa kuzifikia, na kila anayezifungua huacha kumbukumbu. Hatua ya mwisho, ambayo husahaulika sana, ni kuzifuta pale kazi iliyokusudiwa inapokwisha.

Ulinzi huo unaweza kuvunjika kupitia mlango wa nyuma. Mwezi Mei 2024, nchini Australia, data za wageni wa vilabu vyenye mashine za kamari zilivuja. Vilabu hivyo vilitumia mitambo ya kampuni ya Outabox kuwasajili wageni mlangoni. Tovuti moja ilidai kuwa na rekodi zaidi ya milioni 1, zikiwemo taarifa za leseni za udereva na za utambuzi wa nyuso. Wageni walikuwa wameviamini vilabu. Data zao zilikuwa zimepita mikononi mwa kampuni nyingine.

Sheria inasema nini?

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya data binafsi apate ridhaa ya mhusika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo; aeleze sababu ya kuzikusanya; asichukue kupita kiasi kinachohitajika; na asizihifadhi kuliko muda unaohitajika. Data zikivuja, anapaswa kuitaarifu mamlaka mara moja. Kampuni inayopatikana na hatia inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Hata hivyo kuna pengo. Orodha ya data maalumu katika sheria hiyo inataja imani ya dini, maoni ya siasa, maisha ya kingono, taarifa za fedha na za afya, bila kutaja alama za vidole wala sura. Hizo zinabaki kulindwa kama data binafsi za kawaida. Sheria ya Kenya, ya mwaka huohuo wa 2019, inazitaja data za kibayometriki waziwazi kuwa ni nyeti. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru mradi wa Worldcoin, uliowapa watu sarafu za kidijitali baada ya kupiga picha mboni zao, ufute data hizo.

Mteja afanye nini?

Anayo haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zake, kutaka zisahihishwe au zifutwe, na kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ambayo ina daftari la wakusanyaji data waliosajiliwa. Akiombwa picha ya uso, aulize inatunzwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine ataiona.

Zaidi ya yote, asimkopeshe mtu kidole. Kijana asiyetimiza miaka 25, au jirani asiye na hati inayokubalika, anaweza kuomba asajiliwe laini au akaunti kwa jina la mwingine. Deni likizuka, au polisi wakianza kufuatilia fedha zilizopita humo, atakayetafutwa kwanza ni mwenye alama zile, si aliyecheza.